Namba ya Maman Fixe

Maman Fixe hakuwa na desturi ya kusema "alo". Simu ikilia aliinyanyua, akaiweka sikioni, akanyamaza. Aliyepiga ndiye aliyetakiwa aanze. Wapigaji wageni walidhani laini imekatika, wakawa wanapaza sauti huko waliko, "Alo? Alo? Kuko muntu?", naye anasikiliza tu, kichwa amekiinamisha kidogo, mpaka aridhike. Siku moja nilimuuliza kwa nini anawatesa watu namna ile. Akaniambia kwamba anasikiliza pumzi kwanza.

"Muntu mwenyi kuleta habari ya kufa anapumua mbele ya kusema," alisema, na mbele kwao ni kabla. "Mwenyi kuomba kitu, ule anasema mbele ya kupumua."

Fixe ni jina wanaloiitia Brussels, kwa Kifaransa, simu ya mezani, ile isiyotoka nyumbani. Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa nne, hatua chache kutoka barabara ya Chaussée de Wavre, juu ya duka la vitenge. Yeye alikaa ghorofa ya pili, mimi ya tatu, na kwa miaka kama kumi na mitano dari yake ilikuwa sakafu yangu. Watu wote walimwita Maman Fixe, hata mleta barua. Jina lake la ubatizo lilikuwa limebandikwa kwenye kisanduku cha barua pale chini, na ninaliacha hapo hapo. Alizaliwa mwaka gani, wa ukoo gani, sikuwahi kuuliza, na waliomjua kabla yangu walikuwa na majibu matatu yasiyopatana. Nilichokijua ni kwamba alifua mashuka ya hospitali mpaka alipostaafu, na kwamba namba yake ya simu haikubadilika tangu alipoingia nyumba ile.

Hiyo namba ndiyo iliyompa cheo. Watu wa Lubumbashi na Likasi, kule Kongo, waliofika Brussels hawakuwa na makao. Mwezi huu mtu analala kwa binamu Anderlecht, mwezi ujao kwa rafiki Schaerbeek, na simu ya mkononi anabadilisha laini kila anapoona bei nafuu mahali pengine. Kwa hiyo mtu alipoagana na mama yake, au alipomwandikia, alimwachia namba moja tu ambayo aliamini itakuwapo. Kwa miaka mingi namba hiyo ikaandikwa huko Katanga mahali ambapo Maman Fixe mwenyewe hakuwahi kupaona, nyuma ya picha za harusi, ndani ya jalada la Biblia, kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Walimpigia watu asiowajua, wakamtajia jina la mtoto wao, naye akajua pa kumtafuta.

Habari za kawaida alizipitisha kwa simu au kwa mdomo baada ya misa. Habari ya kifo hakuipitisha kwa simu hata siku moja. Alivaa koti, akafunga kitambaa, akapitia dukani kununua kilo ya sukari, akaenda kwa miguu mpaka mlangoni kwa mfiwa, hata kama ni nusu saa. Sukari ilikuwa kwa ajili ya chai ya watakaokuja kukaa msibani, kwa maana alisema ndiyo huisha ya kwanza, na mfiwa hawezi kutumwa dukani. Aliingia, akaiweka mezani, akakaa, ndipo akasema.

Basi ikawa shida. Palikuwa na kinyozi mmoja katika Galerie d'Ixelles, ile njia ya maduka yenye paa, mtu wa Likasi, mchangamfu, aliyekuwa na maneno mengi kuliko nywele alizokata. Mchana mmoja Maman Fixe alipita galerie kumsalimu akiwa na kilo ya sukari mkononi. Kinyozi akamwona kwenye kioo. Mashine ikamtoka mkononi, akakaa kwenye kiti cha mteja, tena mteja mwenyewe bado yumo, akaanza kulia.

"Ni maman?" akauliza. "Niambie tu. Ni maman?"

"Ni sukari ya kwangu, mupumbafu weye," akamjibu. "Ya chai. Maman yako iko muzima, jana tu alinipigia, alinilalamikia kama haumutumie picha."

Galerie nzima ilicheka, na kinyozi akacheka zaidi ya wote huku machozi bado yanamtiririka. Lakini tangu siku hiyo Maman Fixe hakununua tena sukari yake mwenyewe. Alinituma mimi. Alisema hawezi kuwa anawapasua watu mioyo kwa sababu ya kikombe cha chai.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa mkali, mpenda kuuliza kodi ya watu, na mwongo mzuri inapobidi. Wake waliopiga kutoka Lubumbashi kuulizia waume zao waliokuwa wamehamia kwa wanawake wengine, aliwaambia, bila hata kumeza mate, kwamba baba ametoka sasa hivi kwenda kazini. Kisha alimtafuta mume, akamtukana barabarani mbele ya watu. Nilimwambia mbona anadanganya na kila Jumapili anapokea komunyo. Akasema uongo wa walio hai unaweza kurekebishwa. Na kitu kingine, huyu mwanamke aliyeishi kwa simu hakupenda kuongea kwenye simu. Mazungumzo ya Brussels aliyafanya ameketi, kwa maneno matano au sita, akakata. Simu ya kutoka kwao aliipokea amesimama wima, hata miguu ilipoanza kumvimba.

Simu ya mkononi aliikataa kabisa. Nilimletea moja kutoka kazini, mpya, akairudisha kwenye boksi lake.

"Portable inafwataka muntu," alisema. "Mi sitaki kitu ya kunifwata. Simu ikae fasi moja, bantu bayue fasi yake."

Kazini kwangu palikuwa duka la Chaussée d'Ixelles lililouza simu na mikataba ya intaneti. Mimi ni mtu wa Morogoro. Nilikuja kusoma, nikaishia kwenye kaunta, na kaunta niliiweza. Kiswahili ndicho kilichotufanya tuwe karibu, mimi na Maman Fixe, na ndicho tulichotaniana kwacho kila siku. Mimi nasema ugali, yeye bukari. Mimi kisamvu, yeye sombe. Alisema ninaongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari. "Kiswahili ya ku buku," alikuwa akisema, yaani cha kitabuni, "iko muzuri, mais haina chumvi." Nami nilimwambia chake kimejaa Kifaransa mpaka hakionekani. Tulicheka, na tuliamini tunaelewana kwa kila neno.

Sasa niseme la kwangu. Maman Fixe alikuwa na intaneti bila kuitumia. Kampuni yake ya simu ilimuuzia pamoja na laini ya mezani wakati mpwa wake alipokaa naye, mpwa akaondoka, modemu ikabaki inawakawaka taa zake kando ya simu. Mimi ndiye niliyeitumia, kupitia dari. Alinipa nywila yake kwa roho safi, nami nikamsomea barua za manispaa. Ilikuwa intaneti ya kobe. Nikiongea na mama yangu Morogoro kwa video, uso wake unaganda, mdomo wazi, nabaki nasubiri. Na duka letu lilikuwa limeanza kuuza mkataba wa kampuni nyingine, wenye kasi mara nyingi zaidi, intaneti na laini ya mezani kwa pamoja. Nilianza kumshawishi ahame. Nilimwambia ni kwa faida yake. Nilimwambia hivyo miezi kadhaa, kila nilipompelekea sukari, mpaka akachoka.

"Bon," akasema. "Na simu itaendelea?"

"Itaendelea, Maman."

Alikuja dukani Jumamosi, amevaa nguo ya kanisani, kitambulisho chake ndani ya mfuko wa plastiki. Watu walikuwa wamejipanga mpaka mlangoni. Nilimketisha, nikajaza jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa ambayo nilijilazimisha nisiikariri. Kisha ukurasa ukafika mahali pa kuuliza kama mteja anabaki na namba yake ya zamani. Ili abaki nayo, lazima kampuni mpya iichukue kutoka kwa ya zamani kabla mkataba wa kule haujafungwa, na kwa hilo nilihitaji namba yake ya mteja, iliyo kwenye ankara. Ankara hakuja nayo. Ilikuwa nyumbani, mwendo wa dakika kumi. Nyuma yake mama mmoja mwenye gari la mtoto alikuwa anaguna.

Nikamuuliza kwa Kiswahili, tena kwa kujivuna kidogo mbele ya wenzangu wa kaunta: "Na ile namba ya zamani, Maman, tuifanyeje?"

Akanitazama kama vile nimemuuliza jambo la kitoto.

"Ile numero? Acha tu," akasema. "Acha."

Kwetu Morogoro mtu ukimuuliza jambo akakujibu "acha tu", maana yake tusiliongelee, limepita, achana nalo. Yeye alisema acha kama unavyomwambia mtoto anayetaka kuhamisha sufuria iliyo mahali pake, acha, usiiguse, ibaki hapo. Neno ni lilo hilo, na herufi zake ni zizo hizo. Watu wengine nimewasimulia wakanifariji kwamba ni lugha tu, kila mtu angekosea. Nawaacha waseme. Mimi nilikuwepo. Nilisikia maana zote mbili kwa wakati mmoja, na mkono wangu ukasita juu ya kipanya, nikawaza kumuuliza tena. Kisha nikawaza foleni, ankara, dakika kumi za kwenda na kumi za kurudi, na uso wa mama yangu ulioganda. Nikabonyeza "hapana".

Modemu mpya ilikuja ndani ya wiki mbili. Nikaifunga mwenyewe, nikachomeka waya wa simu nyuma yake, kisha nikausitisha mkataba wa zamani kwa jina lake. Intaneti yangu ilikwenda kama maji. Usiku huo huo nilimwona mama yangu akicheka mwanzo hadi mwisho, na nilifurahi kweli.

Wiki ya kwanza simu ya Maman Fixe haikulia. Alisema labda watu wamepumzika. Wiki ya pili akaniita jikoni, akaniambia nimpigie kwa simu yangu tuone. Namba ile nilikuwa naijua kwa vidole, nikaibonyeza bila kufikiri. Mwanamke wa kurekodiwa akaniambia kwa Kifaransa, kisha kwa Kiholanzi, kwamba namba hii haitumiki. Maman Fixe alikuwa amesimama kando ya meza, mkono tayari juu ya simu.

"Juu ya nini hailie?" akauliza. Juu ya nini kwao ni kwa nini.

Nikamwambia sasa ana namba mpya. Nikamwambia alisema mwenyewe tuiache ile ya zamani.

"Njo vile," akasema. "Nilisema acha. Acha vile iko."

Hakunigombeza, kwa sababu alidhani ni jambo la kurekebishwa. Jumatatu nilikwenda kwenye kaunta ya kampuni ya zamani. Binti mmoja mpole akaniambia mkataba umefungwa kwa ombi la mteja, namba imerudi kwenye akiba ya kampuni, na hakuna kitufe cha kuitoa huko. Nilimwelewa kabla hajamaliza, maana maneno hayo hayo mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia wateja, kwa sauti hiyo hiyo ya upole.

Tulikaa siku nyingi jioni tukijaribu kuziba pengo. Aliwapigia wote aliowakumbuka, akawatajia namba mpya polepole kwa Kifaransa, deux, quarante-sept, wakiirudia. Walikuwa kama ishirini. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Wale wengine, wa nyuma ya picha na ukuta wa jikoni, yeye hakuwa na namba zao. Wao ndio waliokuwa na yake. Hakukuwa na njia ya kuwafuata. Walibaki huko wakiamini kwamba kama kuna jambo watapiga.

Alibadilika kidogo kidogo. Aliacha kufunga kitambaa asubuhi. Alianza kuwasha televisheni mchana, yeye ambaye hakuitaka kelele isije ikamzuia kusikia simu. Kalenda ya jikoni, ambayo aliandikia kwa penseli majina ya watu wa kutafutwa, ikabaki tupu mwezi hata mwezi. Niliiona kila nilipoingia na sikuwahi kusema neno juu yake.

Kisha mama yake kinyozi akafariki, kule Likasi. Ndugu walipiga namba ya Maman Fixe siku tatu bila kumpata, wakamzika marehemu. Namba ya kinyozi waliyokuwa nayo ilikuwa ya laini aliyoitupa zamani. Yeye alijua baada ya zaidi ya mwezi, na alijua hivi: msafiri mmoja aliyetoka Likasi aliingia galerie kunyolewa, akaketi, akafungwa kitambaa shingoni, akampa pole. Alidhani mwenzake anajua.

Kinyozi alipanda ngazi za nyumba yetu mchana wa siku iliyofuata. Mimi nilikuwa jikoni kwa Maman Fixe, nimepiga magoti nyuma ya kabati, narekebisha waya wa modemu. Sikuona uso wake kwanza, niliona viatu. Hakuwa na hasira, na bora angekuwa nayo.

"Maman," akasema. "Balipiga trois jours. Juu ya nini simu haikulia?"

Maman Fixe alikuwa ameketi. Hakunitazama hata kwa jicho la pembeni.

"Ni mi," akasema. "Mi njo nilibadirisha compagnie, numero ikapotea. Ni uzee, mutoto yangu. Unisamehe."

Nikasimama, waya mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema. Kinyozi alikaa zaidi ya saa nzima, akalia, akanywa chai, akasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akimtisha kwa mwiko, na wakati wote huo mimi nilikuwa nimeegemea kabati. Nilichosema ni "pole sana, kaka". Aliponishika mkono kuaga, alinishukuru kwa kumsaidia mzee wetu.

Baada ya hapo watu walisema Maman Fixe amezeeka, amechanganyikiwa, alikwenda akabadilisha simu bila kuuliza mtu. Hawakumkasirikia. Waliacha tu kumtegemea, na kila mtu alikuwa sasa na simu ya mkononi yenye vikundi vya familia, habari za misiba zikaanza kufika zenyewe, mtu yuko kwenye tramu, kati ya picha za chakula. Najua mambo hayo yangekuja hata bila mimi. Lakini yangemkuta bado ana jina lake. Kwenye galerie walianza kumwita "ule maman ya zamani".

Yeye na mimi hatukulizungumza kamwe. Niliendelea kumpelekea sukari na kusoma barua. Intaneti niliendelea kuitumia.

Miguu iliposhindwa ngazi, manispaa ilimpatia chumba katika nyumba ya wazee, mbali kidogo, tramu moja na basi moja. Nilikwenda Jumapili, si kila Jumapili. Mara ya mwisho kuongea naye vizuri alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, anamenya chungwa kwa kucha, maganda anayaweka juu ya goti. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwambia kwamba pale dukani nilikuwa na shaka. Nilijua huenda anataka namba ibaki, na sikuuliza mara ya pili, kwa sababu ya foleni na kwa sababu niliitaka ile intaneti. Nilimwambia kwamba siku ya kinyozi alinisitiri, nami nikakubali kusitiriwa kama mtoto.

Aligawa chungwa, akanipa nusu.

"Miaka ngapi sasa?" akauliza.

"Mitano, Maman."

"Cinq ans. Na juu ya nini unaniambia mi?"

"Kwa sababu nilikukosea."

"Mi nilikosa simu," akasema. "Ule alikosa kulia maman yake pamoja na bantu. Mi nilikuwa nayua tangu ile siku ya kwanza, hapana haja ya kuniambia. Enda umwambie ye."

"Nitakwenda."

"Galerie inafungaka saa ngapi?"

Nikasema saa moja jioni. Akatazama saa ya ukutani, akanionyesha mlango kwa kidevu, na chungwa langu sikuwa nimelimaliza.

Nilifika kabla ya kufunga. Kinyozi alikuwa peke yake, anafagia nywele. Akafurahi kuniona. "Kaa, Tanzanien," akasema, akanifunga kitambaa shingoni kabla sijafungua mdomo, akawasha mashine. Akauliza nimetoka wapi na Jumapili yote hii. Nikamwambia natoka kwa Maman Fixe. Nikamwona kwenye kioo, akaizima mashine.

"Anaendelea?"

"Anaendelea. Ana akili zake zote."

Nilivuta pumzi ya kusema. Yeye akanishika bega.

"Umwambie kitu moja kwangu," akasema. "Umwambie mi nilimusamehe zamani. Ile mambo ya simu. Alikuwa muzee tu, hakuyua anafanya nini. Utamwambia?"

Nikasema nitamwambia. Akawasha tena mashine, akaendelea kuninyoa taratibu, akinisimulia habari za mpira.

Maman Fixe alifariki wiki tatu baadaye, na salamu ile sikumfikishia. Mimi bado nanyolewa na yule kinyozi, kila mwezi. Mara nyingi tunamtaja Maman, na kila tunapomtaja, anamsamehe.